Mbuzi Moja, Mbuzi Mia, Mbuzi Elfu Kumi

Kila jiko la Unguja na Pemba lina mbuzi isiyokula majani. Mbao mbili zilizopitana kama marufaa ya msahafu, moja ya kukalia na moja ya mguu, na mbele ulimi wa chuma wenye meno. Ukiikunja inalala bapa nyuma ya mlango. Ukiikunjua unakaa, unashika kizio cha nazi kwa mikono miwili, unakuna.

Nimeichagua iwe mfano wangu kwa sababu wanafunzi wa ufundi wakinijia kuuliza habari za somo la ubunifu wa bidhaa na utengenezaji, huja na madaftari yaliyojaa istilahi: mahitaji, sifa za bidhaa, toleransi, kiolezo, kalibu, sampuli, gharama za kudumu. Kila moja ina maana yake iliyokaririwa, na hakuna inayomjua mwenzake. Kumbe zote zimefungwa kwenye swali moja ambalo madarasani hutajwa haraka haraka: unatengeneza ngapi?

Mbuzi moja ya bibi yako ni kazi ya aina yake. Mbuzi mia za duka la Darajani, sokoni mjini Unguja, ni kazi nyingine. Mbuzi elfu kumi za kupakiwa kwenye kontena ni kazi ya tatu, na hapo katikati karibu kila kitu kinabadilika: mbao, mashine, michoro, hata umbo la kiti chenyewe. Mwanafunzi anayechora kwanza umbo limpendezalo, halafu akasema kiwanda kitajua cha kufanya, hurudi na mchoro mzuri usiotengenezeka.

Anayekaa

Kazi huanza kwa mtu atakayekitumia kitu, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoumbuka. Tulikuwa wanafunzi watatu, tukaamua kubuni mbuzi ya kisasa. Tukachora mtu amekaa kama aliyepanda punda, mguu huku na mguu huku, uso mbele. Tukapima, tukakata, tukaipiga msasa mpaka ikang'aa, tukaipeleka kwa bibi yangu. Bibi akavuta kanga yake, akakaa upande, miguu yote kushoto kama alivyokaa umri wake wote, na mbuzi ikainama naye. Hakuanguka, alhamdulillahi. Akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Hii mmemtengenezea nani, wajukuu zangu?"

Hatukuwa na la kujibu. Hatukuwahi kumwangalia mtu akikuna nazi kabla ya kushika penseli. Tulijichora sisi wenyewe, na sisi tulikuwa hatukuni.

Kumtazama mtumiaji akiwa kazini ndiko kunakozaa mahitaji. "Nataka iwe imara" ni hitaji, na ni la kweli, lakini fundi hawezi kukata ubao kwa neno imara. Lazima lizaliwe upya likiwa sifa inayopimika: ibebe mtu wa kilo 120 aliyekaa upande, bila mguu wowote kuinuka. Kiti kiwe sentimita 15 hadi 20 kutoka sakafuni. Ulimi utokeze mbele kiasi cha sahani kukaa chini yake, usizidi hapo, maana ukizidi mbuzi hupinduka pale mkunaji anapojiinua kidogo kusogeza sahani. Ikikunjwa isizidi unene wa sentimita 6. Watu wawili wakibishana juu ya sentensi kama hizi, futi kamba au mizani itawaamua. Wakibishana juu ya neno imara watabishana mpaka magharibi.

Na ukishaziandika utaona zinagombana zenyewe kwa zenyewe. Kiti kipana hakiinami, ila hakifichiki nyuma ya mlango. Ubao mzito unatulia chini, ila bibi hawezi kuunyanyua. Mchoro wa mwisho ni suluhu ya ugomvi huo, na mbunifu mwaminifu huandika pembeni nani kashinda na kwa nini.

Chuma gani?

Chukua ule ulimi wenye meno. Mhunzi wa mtaani atakufulia kutoka kwenye springi kuukuu ya gari, na atafanya kazi nzuri. Chuma cha springi kina kaboni ya kutosha, kikipashwa mpaka kikawa chekundu na kuzamishwa kwenye mafuta kinakuwa kigumu, na meno yake yanakaa makali kwa miaka. Lakini hapa tumezungukwa na bahari. Kikilala usiku mmoja na unyevu wa nazi bila kufutwa, asubuhi kina kutu.

Basi tumia stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi, mtu atasema. Stenlesi ni jina la ukoo mzima. Chuma huingia kwenye ukoo huo kikiwa na kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 hivi. Kromiamu hiyo hutengeneza utando mwembamba usioonekana kwa macho, na utando ndio unaozuia kutu. Namba 304, inayotumika sana kwenye vyombo vya jikoni, ina kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8. Inastahimili maji na chumvi ya chakula vizuri, lakini haigeuki ngumu kwa kupashwa na kuzamishwa kama springi, kwa hiyo meno yake yatakuwa butu mapema. Namba 420, ya visu, inagumika, ila kutu inaiwahi kuliko 304. Namba 316 imeongezwa metali nyingine, molibdenamu, kidogo ili ipambane na chumvi ya bahari, na ukiuliza bei yake utakumbushwa. Mwanafunzi akiniuliza chuma kipi ni bora, namrudisha kwenye ile orodha ya sifa aliyoiandika.

Halafu namuuliza: ngapi? Springi kuukuu inafaa kwa mbuzi moja au kumi, kwa sababu kila springi ina historia yake na mhunzi lazima aisome kwa rangi ya moto na mlio wa nyundo. Ukitaka elfu kumi, unahitaji bamba la unene uleule na namba ileile kila mara, ili mashine ya kukatia meno isishtukizwe.

Kipindue kiti

Njia za kutengeneza vitu zinajaza vitabu vizima, lakini zikikusanywa ni chache. Unaondoa: msumeno, randa, patasi, keekee, mashine ya kukereza. Unalazimisha: nyundo na fuawe, au shinikizo la mashine. Unamimina: alumini kwenye mchanga kama wafanyavyo wanaotengeneza masufuria, au plastiki kwenye kalibu ya chuma, yaani umbo lenye uwazi ndani linalojazwa. Unaunganisha kwa kuchomelea, ribiti, bolti au gundi. Na siku hizi unaongeza tabaka juu ya tabaka kwa printa za 3D, ambazo vijana huzishangaa kama zilizaliwa juzi, ingawa Mmarekani Charles Hull alipata hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya njia yake mwaka 1986.

Kila njia huacha alama, na anayejua kusoma alama anajifunza bure. Jioni ukiwa barzani, ondoka kwenye kiti cha plastiki ulichokalia ukipindue. Wenzako watakucheka, waache. Chini ya kikalio, karibu na katikati, utaona kovu dogo la mviringo. Hapo ndipo plastiki iliyoyeyushwa ilipoingilia kalibu, ikasambaa mpaka kwenye ncha za miguu. Pitisha vidole kwenye kingo: unene unakaribiana kila mahali. Plastiki ya viti hivi, kwa kawaida polipropilini, hunywea kama asilimia 1 hadi 2 ikipoa, na penye unene mkubwa hupoa pole pole na kuacha kibonyeo. Kwa hiyo mahali panapohitaji nguvu hapakunenepeshwa, pamekunjwa au pamewekwa mbavu nyembamba. Sasa itazame miguu. Ina umbo la pembe, na hakuna ukuta uliosimama wima kabisa. Kila upande umeegea kidogo, digrii moja au mbili au zaidi, ili kiti kitoke kwenye kalibu bila kung'ang'ania. Kuegea huko ndiko pia kunakosaidia viti kuingiana na kupangwa hamsini kwenye kona ya ukumbi wa harusi.

Mtu aliyekibuni kiti kile alikuwa anazungumza na kalibu muda wote. Ubao usingemdai kuegea, wala usingemkataza unene. Hicho ndicho wahandisi wanachokiita kubuni kwa ajili ya utengenezaji, na ndiyo maana mbuzi ya plastiki isingefanana na mbuzi ya mbao hata kama kazi ni moja.

Pesa

Sasa hesabu, na namba hizi nimezitunga kwa ajili ya mfano tu. Tuseme kalibu ya kikalio cha plastiki inagharimu shilingi milioni 20. Ukishakuwa nayo, kila kikalio kinakula shilingi 2,000 za plastiki, umeme na mkono wa mtu. Seremala kwa upande wake hahitaji kalibu. Anatoza 10,000 kwa kila kikalio cha ubao.

Milioni 20 ni gharama ya kudumu: utailipa utoe kikalio kimoja au laki moja. Zile 2,000 na 10,000 ni gharama zinazokwenda na idadi. Ukitengeneza vikalio 100 vya plastiki, kila kimoja kinabeba 200,000 ya kalibu na 2,000 yake mwenyewe, na hakuna atakayekununua. Ukitengeneza 10,000, kila kimoja kinabeba 2,000 ya kalibu na 2,000 yake, jumla 4,000, na seremala hakufikii. Mahali wanapokuwa sawa ni pale ambapo kile unachookoa kwa kila kikalio, yaani 8,000, kimeshalipa milioni 20. Gawanya: vikalio 2,500. Chini ya hapo mwachie seremala kazi yake.

Wanafunzi wengi huruka kutoka kwa seremala hadi kiwandani, wakasahau kilichopo katikati, nacho ndicho kinachotufaa zaidi huku kwetu: kiolezo. Ni kifaa anachojitengenezea fundi ili asipime tena. Kipande cha chuma chenye tundu mbili, unakibana juu ya ubao, unapitisha keekee, na kila ubao unatoka na tundu zake mahali palepale. Kama kiolezo kinagharimu 100,000 na kinampunguzia seremala kazi ya 3,000 kwa kila kikalio, kimejilipa kufikia kikalio cha 34. Kwa mbuzi mia za Darajani hapo ndipo pa kuweka pesa, na si kwenye printa wala kwenye kalibu.

Kuachia nafasi

Istilahi inayowatesa wanafunzi kuliko zote ni toleransi, labda kwa sababu inasikika kama ruhusa ya uzembe. Hakuna kitu kinachokatwa sawasawa. Ukisema ubao uwe milimita 90, utatoka 89.7 au 90.2. Toleransi ni tamko la mapema la kiasi gani cha kukosea kitavumiliwa na bado kitu kikafanya kazi yake. Ukiibana, unalipia: mashine bora, muda zaidi, vipande vingi vya kutupa. Ukiilegeza, vipande vinakataana. Tena makosa hujumlika. Panga vipande vitano, kila kimoja na ruhusa ya milimita moja juu au chini, na mstari mzima unaweza kukosea milimita tano.

Mafundi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, hujenga chombo bila mchoro wa karatasi. Ubao unachongwa, unajaribiwa mahali pake, unarudishwa kwenye tezo, unajaribiwa tena mpaka ukae. Hakuna ubao unaoweza kuhamishwa kwenda kwenye jahazi la jirani, na hakuna haja. Kwa chombo kimoja njia hiyo ni sahihi kabisa, na huniudhi nikisikia inaitwa ya kizamani. Inaanza kushindwa pale unapotaka vitu vingi ambavyo vipande vyake vinabadilishana. Ulaya nako mambo yalikuwa hivyo hivyo, hata silaha zilichongwa moja moja. Mwaka 1785 fundi wa Ufaransa, Honoré Blanc, alionyesha mitambo ya kufyatulia bunduki iliyofunguliwa na kuchanganywa vipande, na Thomas Jefferson, aliyekuwa huko akiiwakilisha Marekani, akaunganisha kadhaa kwa mkono wake akiokota chochote kilichomjia. Kabla vipande havijaweza kubadilishana hivyo, ule mstari wa kuunganishia magari wa kiwanda cha Ford, Marekani, wa 1913, uliopunguza muda wa kuunganisha gari kutoka saa 12 na zaidi hadi saa moja na nusu hivi, usingewezekana. Mfanyakazi hawezi kusimama kuchonga wakati gari linamsogelea.

Vipande vikitoka kwa watu wasiojuana, toleransi peke yake haitoshi, inahitajika lugha ya pamoja. Wazee wetu walipima kitambaa kwa dhiraa, na kila mnunuzi alijua kwenda na mwenye mkono mrefu. Nati na bolti zilikuwa hivyo hivyo, kila karakana na hesabu yake, mpaka Mwingereza Joseph Whitworth alipopendekeza kiwango kimoja mwaka 1841. Leo bolti ya M8 ya kawaida, yenye unene wa milimita 8 na ambayo hatua ya uzi wake, yaani umbali wa uzi hadi uzi, ni milimita 1.25, ukiinunua Chake Chake, Pemba, itaingia kwenye nati iliyonunuliwa Mkokotoni, Unguja. Ila tundu usilitoboe milimita 8 kamili kwa ajili ya bolti ya milimita 8, maana huenda isipite. Jedwali la kimataifa linakupa 9 kwa kazi ya kawaida na 8.4 kwa kazi ya kubana. Ile milimita moja ni nafasi inayoachwa ili toleransi ipate pa kufanyia kazi yake.

Na kukagua je? Kwa mbuzi moja unapima kwa rula. Kwa mia, rula inachosha na aliyechoka anasoma vibaya. Tengeneza pini mbili za chuma, moja inayopaswa kupita kwenye tundu na moja isiyopaswa. Ya kwanza ikipita na ya pili ikakataa, tundu ni zuri. Hata mtoto wa skuli anaweza kukagua hivyo, tena kwa haraka.

Masika

Namalizia na ile mbuzi yetu, maana hadithi haikuishia kwa bibi. Tuliirekebisha. Safari hii tukaanza na kadibodi, tukakata umbo kamili na kulibana kwa utepe. Sampuli ya kadibodi haikaliki, lakini inatosha kuonyesha kama mguu unagusana na kanga na kama sahani inaingia. Ya pili ilikuwa ya mbao za kreti. Hiyo bibi aliikalia wiki nzima akitutajia kasoro, nasi tukiandika. Sampuli ya kwanza ilijibu swali la umbo, ya pili swali la uzito na mizani. Usiitake sampuli moja ijibu yote.

Mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma na mbao zikiwa kavu, tukatengeneza ishirini kwa ajili ya duka moja. Kikalio, chenye tundu refu katikati, kilikuwa cha plaiwudi kwa sababu ni rahisi kukata. Ubao wa mguu, unaopita kwenye lile tundu, ulikuwa wa mfenesi. Upana wake milimita 90, nafasi ya kuchezea nusu milimita. Tulizikagua zote ishirini kwa kipimo na zote zilipita.

Aprili zikaanza kurudi. Hazikukunjika. Nyingine ilibidi zipigwe nyundo, na moja ilipasuka kabisa. Tukalaumiana kwanza, kila mtu akimtazama aliyeshika msumeno, kisha mmoja wetu akachukua ile rula akaupima mguu: karibu milimita 91. Mbao ni kama mkate, hunywa unyevu wa hewa na kuvimba. Huvimba kwa upana wake, na kwa urefu karibu hazibadiliki. Asilimia moja tu ya milimita 90 ni karibu milimita moja, na sisi tulikuwa tumeacha nusu. Plaiwudi nayo, kwa vile tabaka zake zimepishanishwa, kila tabaka humshika mwenzake asivimbe, na tundu likabaki pale pale. Tungetumia mfenesi pande zote mbili, tundu na mguu vingevimba na kunywea pamoja, na pengine tusingejua kamwe kwamba tulikuwa tumebahatisha.

Vipimo vya Januari vilikuwa sahihi. Tulichokosa ni kuandika kwenye orodha ya sifa kwamba mbuzi hii itaishi masika na kaskazi, mwaka baada ya mwaka, karibu na mtungi wa maji. Tukazikusanya, tukapiga randa miguu yote milimita mbili. Ulimi tuliokuwa tumeukaza kwa ribiti tukaufunga upya kwa bolti mbili za M8, ili meno yakiwa butu mtu aufungue autie tupa, au anunue mwingine bila kutupa mbuzi nzima.

Bibi bado anayo moja. Masika inakunjika vizuri. Kaskazi ikiingia, ubao ukinywea, inagongagonga kila anapokuna, na mtaa mzima unajua kwamba leo kwake kuna wali wa nazi.